Mchawi wa Sayari ya Saba

"Mpige tena! Akifa anaongea, utacheka mpaka ulie!"

Chumba kizima kilikuwa kimeinamia skrini. Binti mwandishi alisimama mlangoni akitabasamu. Mchumba wake, fundi aliyeitengeneza gemu ile, alikuwa bado hajamwona.

Mapenzi ya hawa wawili yalikuwa ya kuazimana. Binti akiandika joka linalolinda dhahabu, jamaa analigeuza chombo cha angani kinacholinda mafuta. Mzee wa fimbo na ndevu akawa roboti bovu lenye busara. Yatima wa upanga akawa rubani asiye na kwao. Hakuna aliyelalamika. Mifupa ya hadithi ni ya wote, walikubaliana, nyama kila mtu atafute yake.

Kwenye skrini, mchawi wa sayari, nusu mtu nusu chuma, akaanguka chali. Akakoroma:

"Usinizimie taa. Nikienda, niende nakuona."

Watu hoi kwa kicheko.

Binti hakucheka. Maneno yale aliyasema yeye, kitandani hospitalini, dakika chache kabla ya kupasuliwa. Aliyasikia mtu mmoja tu.

"Mpenzi! Umefika saa ngapi?"

"Wakati nakufa."

"Aah, huyo mchawi tu. Si hata wewe una mchawi kitabuni?"

"Mchawi chukua. Joka chukua. Farasi wangu wote wafungie injini, sisemi kitu. Yale maneno nilimwambia nani?"

"Mimi."

"Wewe fundi wa gemu, au wewe mchumba wangu?"

Aliyekuwa anacheza akaweka rimoti mezani polepole, kama aliyekutwa na kuku wa watu.

"Nisikilize," jamaa akasema. "Nilijaribu sentensi arobaini. Zote zilikuwa mbao tupu. Yako ilikuwa na roho."

"Uliiandika lini?"

"Sasa hilo linasaidia nini?"

"Lini?"

Jamaa akaangalia viatu vyake.

"Walipokuingiza chumba cha upasuaji. Niliiandika kwenye simu, nisije nikasahau."

"Nilikuona umeinama, umeshika simu. Nikajua unaniombea."

"Niliomba pia! Naifuta leo hii, naapa."

"Futa."

Binti akatoka. Alikuwa bado kwenye ngazi simu ilipoita. Shangazi yake.

"Mwanangu, fundi cherehani anauliza, gauni la harusi mikono mirefu au mifupi?"

"Mwambie asikate kitambaa, shangazi. Harusi hakuna."

"Toba! Ana mwanamke?"

"Hana."

"Kakupiga?"

"Hajanigusa."

"Mlevi?"

"Hata soda hamalizi."

"Sasa wewe mtoto una wazimu? Mwanamume hapigi, halewi, hana mwanamke, unamwachia nini?"

Binti akakaa kwenye ngazi, akajifuta uso kwa kiganja.

"Anasikiliza, shangazi."

"Anasikiliza! Wenzio wanakesha wakiomba wampate wa hivyo!"

"Najua. Hata mimi niliomba."