Toa Kimoja, Washa Tena

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Esteria alichovya mikono yake katika beseni la maji ya uvuguvugu. Baridi ya Kasulu mwezi wa Julai haina huruma, na vidole vyake viliamka vimekakamaa, havitaki kukunjwa wala kunyooshwa. Alivichezesha ndani ya maji kimoja kimoja huku akivigombeza.

"Leo mna kazi," aliviambia. "Mtake msitake."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Maumivu ya viungo yalimwanza akiwa darasa la tatu. Yalikuja, yakaondoka, yakarudi tena kwenye viganja, viwiko na magoti. Watu wengi walimwambia kwamba hayo ni magonjwa ya vikongwe, si ya watoto. Kufikia mwaka huo wa 2014 alikuwa ameshawachoka, hata kuwajibu aliacha.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kompyuta. Bwana shamba mmoja aliyekuwa mpangaji wao aliiacha alipohamishiwa mkoa mwingine, kwa sababu ilikuwa imekufa. Baba yake Esteria, fundi seremala Marcel, alitaka kasha lake alifanye la kuwekea misumari. Esteria akamwomba amwachie kwanza.

Kaka wa rafiki yake Firdausi alikuwa akitengeneza simu sokoni, na ndiye aliyempa Esteria mbinu ya mafundi. Ukitaka kujua kifaa gani kinaleta taabu, toa kimoja, washa tena. Taabu ikibaki palepale, ulichokitoa hakina kosa. Kirudishe, utoe kingine. Esteria alilifungua kasha kwa bisibisi ya baba, akapuliza vumbi jekundu, akaanza kutoa na kurudisha. Mwishowe alikigundua kipande cha kumbukumbu kilichoshika uchafu kwenye meno yake. Akakisugua kwa ufutio wa shule. Mashine ikalia na kioo kikawaka, na Esteria akapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Tangu siku hiyo alijiwekea taratibu zake, na ole wake aliyezivunja. Kipanya kilimuumiza kiganja, basi akakitupa kando na kujifunza kufanya kila kitu kwa vitufe vya kibodi. Herufi za kwenye kioo alizikuza ili asilazimike kuinama. Kazi aliihifadhi kila alipomaliza mstari, maana umeme wa mjini ulikuwa hauagi unapoondoka. Akimaliza, aliifunika mashine kwa kitenge. Na hakuna flashi iliyochomekwa kabla haijakaguliwa virusi.

"Hata ya mwalimu?" Firdausi alimtania.

"Hata ya mkuu wa wilaya," alijibu Esteria. "Aje nayo aone."

Siku hizo alikuwa na kazi aliyoipenda sana. Watoto wengi wa darasa la kwanza walikuja shuleni wakijua Kiha tu, wakakaa kimya wiki nyingi kwa sababu Kiswahili hawakielewi. Esteria alichora picha ndani ya kompyuta, nyumba, ndoo, mbuzi, jembe, na chini ya kila picha akaandika jina lake kwa lugha zote mbili. Mwalimu wao alikuwa ameahidi kuzichapa na kuzibandika ukutani.

Ndipo alipokuja Shangazi Pelagia, dada mkubwa wa baba, kutoka Makere na kiroba cha unga wa muhogo. Alimkuta Esteria mikono ikiwa ndani ya beseni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na hii mikono imefanya nini?"

"Inauma tu, shangazi. Imezoea."

Shangazi alitazama beseni, akatazama kompyuta, akamaliza kesi palepale. "Marcel! Mtoto anakaa mbele ya hili likasha la umeme toka anarudi shule mpaka giza, halafu mnashangaa viungo vinauma? Umeme unaingia kwenye mifupa. Liondoe!"

Marcel hakuwa mkali, lakini alimwogopa dada yake. Alimwita Esteria uani, penye harufu ya mbao. "Mwanangu, sikiliza. Nikikusikia tena unasema mikono inauma, hii mashine naipeleka kwa Haidari dukani akaiuze. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia kweli. Kuanzia siku hiyo Esteria hakusema tena kwamba anaumwa. Aliacha maji ya uvuguvugu, kwa sababu beseni lingemsema. Aliacha kuinuka na kujinyoosha, kwa sababu akiinuka angechechemea na mama angemwona. Alikaa mbele ya kioo kama aliyegandishwa kwa gundi, mgongo umepinda, akichora mpaka jua linazama. Mama akimuuliza, alijibu, "Mzima kabisa."

Firdausi ndiye pekee aliyejua. "Esteria, magoti yako yamevimba. Waambie."

"Nikisema, inaondoka."

"Na usiposema?"

"Nitamaliza picha zangu. Nami naweza kuvumilia. Nani kasema siwezi?"

Kuvumilia aliweza, hilo halina ubishi. Lakini viungo havikuwa na habari na ujasiri wake.

Asubuhi moja ya Jumamosi, wazee wa kanisa walikuja kuagiza mabenchi. Mbele yao alikuwa Mzee Niyitegeka, na kila aliyelelewa Kasulu anajua mzee wa Kiha anavyosalimia. Hakupungii mkono kwa mbali na kupita zake. Anaushika mkono wako kwa mikono yake miwili, anautikisa, anauliza habari za nyumbani, za wazazi, za masomo, za mbuzi na za mvua, na hauachii mpaka habari ziishe. Kuuchomoa mkono wako kabla hajamaliza ni sawa na kumwambia kwamba humtaki.

"Mwakeye, mwanangu!" alisalimia Mzee Niyitegeka kwa Kiha, akiupokea mkono wa Esteria. "Habari za hapa? Mama hajambo? Masomo je?"

"Salama, babu. Hajambo. Ni salama." Meno yalikuwa yameumana. Maumivu yalipanda toka kidole cha kwanza mpaka kwenye bega.

"Na bibi yako wa Buhigwe? Na mahindi mwaka huu..."

Esteria alipiga yowe na kuuchomoa mkono wake.

Marcel aliangusha randa. Aibu ilimshuka usoni mbele ya wateja wake, na aibu ikageuka hasira.

"Umemnyima mzee mkono? Wewe? Hivi ndivyo tulivyokulea?" Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akachomoa waya ukutani na kuanza kuifunga kompyuta kwa shuka. "Hiki ndicho kinachokufundisha kiburi. Leo hii kinakwenda kwa Haidari!"

Esteria alisimama mlangoni. Hakusogea.

"Haitoki, baba."

"Unasemaje?"

"Nasema haitoki kwa kosa ambalo si lake! Mikono inauma. Nasema mbele ya kila mtu, inauma na haijaacha kuuma tangu uliponikataza kusema. Lakini baba, fundi hatupi kifaa bila kukipima. Anatoa kimoja, anawasha tena. Mwezi wa tano umeme ulikatika wiki nzima. Sikuigusa kompyuta hata mara moja. Je, maumivu yaliondoka? Mama, si wewe uliyenifunga kanga magotini wiki ile? Na nilipoanza kuumwa darasa la tatu, kompyuta ilikuwa wapi? Hatukuwa nayo! Iweje leo iwe ndiyo mchawi wangu?"

Marcel alibaki na ncha ya shuka mkononi. Mama yake Esteria alisema polepole, "Ni kweli. Nilimfunga mimi."

Mzee Niyitegeka alikuwa bado ameikunjua mikono yake mbele yake. "Marcel, mwenzangu," alisema, "mimi sijakasirika. Mkono wa huyu binti ni wa moto. Umevimba. Njoo uushike mwenyewe, taratibu."

Baba alikuja na kuushika. Lile shuka aliliacha sakafuni.

Jumatatu, Esteria na baba yake walipanda basi la Kibondo, ambako kulikuwa na daktari wa viungo aliyesifiwa sana. Njia nzima vumbi liliingia madirishani, na njia nzima Esteria alipanga maneno ya kumjibu daktari atakayethubutu kuilaumu kompyuta.

Daktari Mwanahawa alikuwa mama mnene mwenye sauti ya Tanga, aliyehamishiwa mkoani Kigoma miaka mingi iliyopita. Alimpima kiungo kimoja kimoja, akaagiza damu ichukuliwe, na majibu yalipotoka akaketi.

"Hii ni baridi yabisi, na watoto nao wanaipata," alisema. "Hakuna umeme unaoingia kwenye mifupa. Kompyuta haikumletea ugonjwa."

Esteria alimgeukia baba yake, kidevu juu.

"Usishangilie bado, mwanangu," daktari alisema. "Baba yako ameniambia habari ya kutoa kimoja na kuwasha tena. Nimeipenda. Basi tuendelee kupima. Kompyuta umeitoa, maumivu yakabaki. Vizuri. Wiki hizi za karibuni, zilikuwaje?"

Esteria akajibu, "Mbaya kuliko zote."

"Umebadilisha nini?"

"Niliacha maji ya uvuguvugu."

"Na nini tena?"

"Nilikaa bila kuinuka. Nikiinuka nachechemea, nao wangejua."

"Na ungewaambia mapema, ungekuwa hapa lini?"

Esteria alitazama chini. Maneno yote aliyoyapanga ndani ya basi yalikuwa yameyeyuka, na machozi yakamtoka kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. "Baba alisema nikisema tu, mashine inaondoka!"

"Nilisema," alikiri Marcel. "Niliyasema mimi, daktari."

Daktari Mwanahawa aliwapa dawa na tarehe ya kurudi, akamwonyesha Esteria mazoezi ya vidole, viwiko na magoti. Aliuliza urefu wa meza ya kompyuta, na Marcel alipoonyesha kwa mkono, daktari akatikisa kichwa. Meza ilikuwa ya mtu mzima, mabega ya mtoto yalikuwa yanainuliwa kutwa. "Wimbo mmoja wa redioni ukiisha, inuka," alimwambia Esteria. "Jinyooshe, tembea mpaka mlangoni, urudi. Si kwamba nakuzuia. Nataka ufike mbali, na kwa mikono hiyohiyo."

Waliporudi Kasulu, Shangazi Pelagia alikuwa amekaa barazani anawangoja. "Hilo likasha mmeshaliuza?"

"Hatuliuzi, dada," alisema Marcel. Aliitoa meza uani, akaigeuza miguu juu, akapima kwa rula na kushika msumeno.

"Daktari amesemaje?"

"Kwamba mtoto anaumwa, na kwamba sisi tulimziba mdomo." Msumeno ulianza kula mbao. Mguu wa kwanza ulipokatika alisimama, akamwita Esteria karibu. "Mwanangu, mimi nilikosa. Nilikufanya uchague kati ya kusema kweli na kitu unachokipenda, na mtoto hatakiwi kuchagua hivyo. Lakini na wewe ulikosa. Ulidhani ushupavu ni kunyamaza. Kunyamaza kulikuponza. Siku uliposimama mlangoni ukanipinga kwa sauti, siku hiyo ndipo ulipoanza kutibiwa. Maumivu ni ya kusemwa mapema, kwa mtu anayeweza kusaidia. Asipokusikia, sema kwa mwingine. Asikuzuie mtu, hata mimi."

"Hata shangazi?" aliuliza Esteria.

Shangazi Pelagia alikohoa. Kisha akainuka, akaushika mguu wa pili wa meza usitikisike.

"Kata, Marcel," alisema. "Mtoto ana picha za kumaliza."