Sungura Haendi kwa Daktari na Njaa

Mama mshonaji alikuwa na cherehani moja, mume mmoja, binti mmoja, na sungura mmoja mweupe aliyeitwa Bibi Harusi.

"Wote mnanitegemea mimi," alizoea kusema huku akikanyaga cherehani.

"Hata mimi?" mumewe, fundi baiskeli, angeuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza. Sungura angalau hapotezi soksi."

Bibi Harusi alikuwa wa binti, mwenye miaka saba. Kila asubuhi kabla ya shule alimpelekea nyasi bandani. Asubuhi moja alirudi na uso mzito.

"Mama, shavu lake limevimba. Anatafuna upande mmoja tu."

Mama akamtia sungura kikapuni, akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpapasa taratibu.

"Ni jipu, dada. Limetokana na jino bovu. Kesho asubuhi nitalipasua na kung'oa jino. Nitampa nusukaputi, ile dawa ya kumlaza usingizi, asisikie maumivu."

Foleni ilikuwa ndefu, na mbwa wawili walikuwa wakitukanana mlangoni. Mama hakuuliza zaidi, na daktari hakusema zaidi.

"Atapona?" binti aliuliza nyumbani.

"Atapona, mwanangu. Nakuahidi."

Jioni ile mama aliondoa nyasi zote bandani.

"Mbona unamnyima chakula?" mumewe aliuliza.

"Umesahau nilipojifungua kwa upasuaji? Nesi alinikataza kula tangu jioni. Anayelazwa kwa dawa hali kitu."

"Kweli. Siku ile ulinuna, hata salamu huitikii."

"Njaa haina adabu, baba watoto."

Asubuhi Bibi Harusi alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu wazi. Alikuwa akisaga meno: kri, kri, kri. Chini yake hapakuwa na kidonge hata kimoja cha kinyesi. Mama alishika kikapu, akaenda mbio.

"Mara ya mwisho alikula lini?" daktari aliuliza.

"Jana jioni, Daktari. Nimemfungisha, kama nilivyofungishwa mimi hospitalini."

Daktari alishusha pumzi. "Dada, kosa hili ni letu sote wawili. Ilinipasa nikwambie. Mtu hukatazwa kula kwa sababu akiwa usingizini anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Sungura hawezi kutapika, hata akitaka. Na tumbo lake ni kama kinu. Lazima lisage mchana na usiku. Likikosa cha kusaga, linasimama. Likisimama, sungura anaweza kufa."

Mama akaikumbuka ahadi yake. "Basi nimemuua?"

"La, umemleta mapema. Lakini leo hapasuliwi. Kwanza tuliamshe tumbo."

Daktari alilibonyeza tumbo. Halikuwa gumu. Akamdunga dawa ya maumivu, akamwongezea maji chini ya ngozi, akamfunika kitambaa chenye joto. Kisha akachukua bomba dogo lisilo na sindano, akamlisha uji wa nyasi zilizosagwa, kidogo kidogo, kwa pembeni ya mdomo.

"Akijikunyata na kusaga meno hivi, ana maumivu," alisema. "Sungura halalamiki. Porini, anayeonyesha udhaifu huliwa."

"Ningemmegea kidonge changu cha kichwa?"

"Usithubutu! Dawa ya mtu inaweza kumuua. Na sungura asipokula au asipopata choo kwa nusu siku, usingoje kesho. Hiyo ni dharura. Mlete."

Bibi Harusi alilala pale kwa daktari. Kesho yake alikuwa akila mwenyewe. Siku ya tatu alipasuliwa, na alikula nyasi hadi muda mfupi kabla ya kupewa nusukaputi. Jipu likatoka, jino likatoka, naye akaamka salama.

Mchana mama alimrudisha nyumbani na dawa ya maumivu ya sungura. Alimweka kwenye boksi lenye kitambaa, mahali penye joto na kimya, nyasi mbichi mbele ya pua.

"Asipopata choo kufika jioni, nipigie," daktari alikuwa amemwambia.

Cherehani ilinyamaza. Wote watatu walikaa kulizunguka boksi.

"Maisha yangu yote," baba alinong'ona, "sijawahi kungoja mavi kwa hamu hivi."

Bibi Harusi alinusa nyasi. Akavuta jani moja. Akatafuna. Jua lilikuwa linaanza kushuka binti alipopiga kelele:

"Mama! Vidonge! Vitatu! Vinne!"

Mama alimpigia daktari kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Amepata choo, Daktari! Amepata!"

Mteja aliyekuja kupima gauni alisimama mlangoni, mdomo wazi. "Hongereni," alisema, bila kujua ya nini.

Binti akatia nyasi nyingine. Bibi Harusi hakungoja ziwekwe chini. Alizivuta kutoka mkononi mwake, akatafuna pande zote mbili.