X Kwenye Ukuta wa Barasa

Mzee Barasa alipatikana asubuhi ya Alhamisi, amelala kifudifudi chini ya ukuta wa nyumba yake katika mtaa wa Ngano, Kitale. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Juu yake, ukutani, palikuwa na X nyekundu, kubwa kama mlango.

Inspekta Lenah Nakhungu alichutama. Simu ya marehemu ilikuwapo. Saa ya mkononi ilikuwapo. Lakini mifuko yote ya koti ilikuwa imegeuzwa nje.

"Si mwizi," alimwambia Konstebo Rotich. "Huyu alitafuta karatasi."

Nyumba karibu zote za mtaa zilikuwa na X kama hiyo. Mwaka huo wa 2004 kila mtu alijua maana yake: manispaa imekuja, nyumba itabomolewa. Hakuna aliyeuliza. Watu walikuwa wanauza viwanja kwa bei ya kutupa, wote kwa mtu mmoja, diwani aliyejitia huruma, kisha wanabeba sufuria na magodoro wanaenda zao. Nakhungu hakushangaa. Kwao Bokoli aliwahi kuona shamba la shangazi yake likichukuliwa kwa kigingi kimoja tu. Hakuwa amesahau hata rangi ya kile kigingi.

Phelista, jirani muuza mboga, alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja.

"Huyu mzee alikuwa kichwa ngumu, afande. Ati anaandikia kanjo, hao watu wa manispaa, balua! Ati waje wafute uchafu kwa ukuta."

"Uchafu gani?"

"Si hiyo X! Tulimcheka, bana. Nikamwambia, Mzee, ni kanjo wenyewe wameandika, sasa unawashtaki kwao? Akasema amebeba barua za serikali miaka thelathini kule posta, na serikali haiwezi kuandika kitu bila tarehe na nambari. Hii haina."

"Walimjibu?"

"Juzi. Akasema tusiuze, atatuambia jibu kwa mkutano wa Alhamisi." Akajifuta uso kwa leso. "Alhamisi ndiyo leo."

Katika ofisi za manispaa, karani wa ujenzi Hillary Makokha alimpa Nakhungu kiti cha wageni.

"Barua? Hakuna barua, madam. Angalia rejista."

"Na jibu?"

"Tujibu barua ambayo haikuja?" Makokha akacheka. "Mtu anaita alama ya serikali michoro ya wahuni! Wazee wengine, dada yangu... Wewe si ni wa Bokoli? Mimi ni wa Webuye. Sisi ni watu wa nyumbani, tusisumbuane."

Nakhungu aliinuka. Alirudi nyumbani kwa marehemu, akapekua hadi akapata risiti ya posta ya barua ya rejista, ya Jumanne. Mpokeaji: Joy Barasa, Bungoma.

Kesho yake alimkuta Joy kwenye cherehani yake, macho yamevimba.

"Baba alisema nisimpe mtu yeyote wa ofisi."

"Mimi ni wa ofisi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza utaipeleka wapi."

"Kortini."

Joy akaitoa bahasha chini ya vitambaa. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya mzee: *michoro ya wahuni inaharibu mtaa, tunaomba ifutwe.* Na jibu: *Baraza halijaweka alama yoyote mtaani kwenu. Wafanyakazi watakuja kuifuta Jumatatu.* Mwandishi wa jibu alikuwa Waruguru, mpiga chapa wa manispaa.

"Makokha alikuwa likizo," Waruguru alieleza. "Nikaangalia faili ya ubomoaji, mtaa huo haumo. Nikajibu. Nilikosea?"

"Hapana."

"Aliporudi Jumatano alirarua barua ya mzee, nakala ya jibu na ukurasa wa rejista. Akaniuliza jibu lenyewe liko na nani."

Kabatini mwa Makokha mlikuwa na kopo la rangi nyekundu. Nyumbani kwake, rungu lililooshwa vibaya. Mkemia wa serikali alithibitisha damu ilikuwa ya Barasa.

Jioni hiyo mkubwa wa Nakhungu alimpigia simu. "Diwani usimguse. Karani anatosha." Nakhungu aliiandika amri hiyo kwenye kitabu cha matukio, pamoja na jina la aliyeitoa.

Kisha akaingia chumba cha mahojiano.

"Ulisema hukuona barua. Ulijuaje aliandika 'michoro ya wahuni'?"

Mabega ya Makokha yakashuka.

"Nilimwomba ile karatasi tu. Akasema iko mbali. Nikaona ananicheza."

"Diwani alikuahidi nini?"

"Ploti. Hiyo yake, ya pembeni. Wangekuja kufuta, watu wangejua X si za manispaa. Hakuna angeuza tena."

"Ujanja huu ulifundishwa na nani?"

"Hakuna." Alikuwa anaiangalia meza. "Nikiwa darasa la sita walipaka X nyumba ya mama, Webuye. Hatukuuliza ni ya nani. Tulibeba vyungu usiku huohuo. Baadaye nikafanya kazi hapa, nikatafuta faili yetu. Haikuwepo, madam. Haikuwahi kuwepo. Nikajua watu hawaulizi."

"Barasa aliuliza."

"Ndiyo," Makokha akasema. "Peke yake."