Mahari Yangu Ni Jiwe la Bibi

"Weka pesa chini, ntaichukua miye mwenyewe."

Karima alicheka, akidhani ni mzaha. Alikuwa akinunua makayabo, samaki wa chumvi, kwa Maman Fortunée tangu alipokuwa mtoto wa kutumwa sokoni. Akanyoosha mkono tena. Maman Fortunée akarudisha wake nyuma, akauficha ndani ya kitenge.

"Maman, ni miye Karima."

"Najua ni weye. Weka chini."

"Nimekukosea nini?"

"Haukunikosea. Nimesoma kwa telefone. Kumbe watu kama weye hamufi. Munapoteaka tu, ndani ya maji. Alors, mama, miye niko na watoto. Weka chini."

Karima aliinama, akaweka noti juu ya udongo. Samaki akasukumwa kwake kwa ncha ya kisu. Pembeni, mchumba wake Yunus alisimama na kikapu mkononi. Maneno aliyosoma Maman Fortunée kwenye simu, aliyeyaandika alikuwa Yunus mwenyewe.

Karima alikuwa ndundu. Ndivyo Kisangani wanavyomwita mtu aliyezaliwa bila rangi: ngozi nyeupe, nywele kama nyuzi za mahindi, macho yanayokimbia jua. Alivaa kofia pana na leso ya bluu chini yake, akatembea upande wa kivuli. Yunus alimpenda na kofia yake, na hasira zake. Hilo halikuwa uongo. Uongo ulikuwa mahali pengine.

Yunus aliuza vocha na kuchaji simu za watu katika kibanda kidogo mjini. Wateja wakipungua, aliandika simulizi za mapenzi kwa jina la Kalamu ya Boyoma. Miaka mingi aliandika mabosi wa Kinshasa na majumba yenye piscine za kuogelea, wakati yeye hajawahi kuchovya hata kidole ndani ya piscine. Watu walisoma, wakapiga miayo, wakaenda zao. Kisha akaanza simulizi ya msichana mweupe anayetoka mtoni, anawapenda wanaume, halafu anawaita majini mmoja mmoja. Wasomaji wakaja kama nzige. Wengine walimsifu, naye akawajibu kwa kiburi: "Ninawaandika wale ambao hakuna anayewaandika."

Msichana huyo alimvika leso ya bluu.

Walipotoka sokoni na kufika kona ya mtaa wao, Karima alisimama.

"Huyo anayeandika, unafikiri amewahi kukaa na ndundu? Wakakula sahani moja?"

"Ntajuaje, chérie?"

"Miye nafikiri wamekula sahani moja," alisema Karima, akaingia ndani.

Juma lile ujumbe ulianza kuingia kwenye simu ya Yunus.

"Kalamu, nimemwona msichana wako sokoni. Kweli anatisha."

"Kalamu, alikuwa kwa bac ya kuvukia kwenda Lubunga. Jua kali, lakini hana kivuli."

"Kalamu, amepita mbele ya nyumba yetu anaimba. Mbwa hawakubweka."

Mwanzoni Yunus alicheka. Kisha akampigia Karima, simu ikawa imezimwa. Kesho yake pia, imezimwa.  Sehemu ya mwisho ya simulizi alikuwa ameshaiandika, ila hakuna aliyeisoma isipokuwa yeye. Ndani yake msichana anavua viatu juu ya jiwe chini ya daraja la Tshopo, anaingia majini, harudi.

Kulipopambazuka ukaingia ujumbe mwingine, namba asiyoijua.

"Kalamu, ameingia majini sasa hivi. Chini ya daraja la Tshopo. Viatu viko juu ya jiwe."

Yunus hakufunga hata mlango.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mzito, na daraja lilionekana nusu tu, kama limeishia hewani. Maji yalinguruma bila kuonekana. Wachimba mchanga walikuwa wamesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na katika weupe ule kila mmoja alikuwa kichwa na mabega basi.

"Ndugu zangu, mumeona musichana hapa? Mweupe, na leso ya bluu?"

"Ule wa hadithi?" mmoja aliuliza bila kugeuka. "Ameshaingia."

"Lini?"

"Jana jioni."

"Uongo," sauti nyingine ilitoka ndani ya ukungu. "Ni leo asubuhi. Alitembea juu ya maji kama kwa barabara ya macadam."

"Alikuita jina lako?" akauliza wa tatu. "Akikuita, usiitike."

Hapo Yunus aliviona viatu. Sandali nyeupe, zimepangwa vizuri juu ya jiwe, kama alivyoziandika. Alianguka magoti. Alizigusa. Zilikuwa na unyevu na bado zina joto la miguu.

"Karima!" aliita. "Karima!"

Kitu cheupe kikapanda kutoka majini, polepole, kikimjia. Kikaja mpaka karibu. Kilikuwa karai la mchanga limefunikwa gunia jeupe, na chini ya karai palikuwa na mama mmoja mweusi tii, mwenye hasira.

"Alors, weye unashika viatu vyangu kwa nini? Mwizi! Toka hapa!"

Watu wakacheka ndani ya ukungu. Yunus hakucheka.

Akaenda kwa tonton Djuma, mjomba aliyemlea Karima, katika wilaya ya mji inayoitwa komini ya Kisangani. Alimkuta barazani akitafuna mswaki.

"Tonton, Karima amepotea. Nimemutafuta kwa mto, simuoni!"

Djuma alitoa mswaki mdomoni.

"Kwa mto?"

"Ndiyo, tonton. Chini ya daraja."

"Mutu akikosekana, wenzake wanamutafutaka wapi, Yunus? Wanaulizaka kwa mjomba wake. Wanaulizaka kwa shangazi, kwa hôpital. Musichana wangu anazima simu kwa sababu watu wasiojulikana wanamupigia wanaomba dawa ya bahati, na weye, bwana harusi, haukukuja kupiga hodi hapa. Umekimbilia kwa maji. Kama unatafuta muzimu."

Yunus alipangusa udongo wa mto magotini.

"Iko kwa makaburi," Djuma alisema, akatema mate. "Ramadhani inakaribia, anasafisha kaburi ya bibi yake. Kwenda. Na ukifika, funga mudomo kwanza."

Jua lilikuwa limeshapanda alipofika. Makaburi ya Waislamu yalikuwa na kimya kile cha mchana, ambacho ni kibaya kuliko cha usiku kwa sababu unaona kila kitu na hakuna kinachosogea. Karima alikuwa amechuchumaa kwenye tuta moja la udongo lisilo na kibao wala jiwe, aking'oa majani. Hakugeuka.

"Tonton amepigia Nadia," alisema. Nadia alikuwa dada yake, amekaa mbali kidogo chini ya mwavuli. "Anasema ulinitafuta chini ya daraja."

"Niliogopa, Karima."

"Pale tulienda mara moja tu, miye na weye. Nilikuambia nini pale?"

Yunus aliinama, akang'oa jani moja.

"Sema."

"Uliniambia... mulipokuwa wadogo, wenzako walikusukuma ndani ya maji pale. Walitaka kuona kama utapotea."

"Sehemu ya tatu," Karima alisema. "Watoto wanamusukuma musichana ndani ya maji. Ile siri niliambia mutu mumoja katika dunia yote. Nilisoma, nikatapika."

"Ulijua tangu sehemu ya tatu? Na ukanyamaza?"

"Nilingoja. Nilisema, huyu ananipenda, tuone mwishoni atanifanya nini. Leta telefone."

Akampa. Karima aliisogeza karibu kabisa na macho, kama kawaida yake, akasoma sehemu ya mwisho. Majani makavu yalikuwa yakitambaa juu ya makaburi ingawa Yunus hakusikia upepo.

"Kumbe mwishoni amepotea," Karima alisema, akarudisha simu. "Wale watoto walinisukuma mara moja. Weye umenisukuma mbele ya watu wote wa Kisangani."

"Nilitaka watu kama weye waandikwe."

"Uliandika kofia yangu. Uliandika leso yangu. Miye haukuniandika." Akapiga kiganja juu ya tuta. "Unajua nani analala hapa? Bibi Sara. Ndundu kama miye. Aliuza mukate, alikuwa na mudomo mubaya, aliolewa mara mbili, akazaa, akazeeka mpaka meno yakaisha. Alikufa kitandani anatukana docteur. Na haiko jina hapa. Unajua sababu?"

"Hapana."

"Walikuwa wanasema kaburi ya ndundu iko tupu, ao mifupa yake inaleta utajiri. Wangekuja kuchimba. Tonton alimuzika alfajiri, akakataza jina. Donc mutu akiuliza, kuna ndundu alishawahi kufa hapa Kisangani? Hakuna. Sisi wenyewe tulimuficha, na weye ukapata hadithi yako."

Yunus aliketi chini kwenye udongo, na suruali yake ya kazi. Akaifungua simu tena. Akafuta sehemu ya mwisho, Karima akimtazama.

"Niambie habari za Bibi Sara," alisema. "Vile alivyotukana. Vile alivyozeeka. Ntaandika vile, na ntaandika kwamba miye ndiye nilikosea. Hata kama hautanioa."

"Mwanamuke haoi," Karima alisema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulisogea kidogo. "Kaa vizuri. Kutukana alianzaga na baba ya docteur."

Simulizi ikaisha hivyo: msichana hakutoka mtoni, wala hakurudi mtoni. Alikuwa muuza mkate, akazeeka, akafa, akazikwa, na wajukuu wakagombania sufuria zake. Chini yake Yunus aliweka jina lake halisi na kosa lake. Wasomaji wakamrukia.

"Mwisho wa hovyo! Tulitaka azame!"

"Kalamu umelogwa na mwanamke."

Wengi walimhama. Halafu ukaingia ujumbe kutoka Bafwasende: "Papa Kalamu, binti yangu ni ndundu. Nimemusomea mpaka mwisho. Aliniuliza: kumbe sisi pia tunazeekaka?"

Yunus aliusoma akiwa kibandani, akageukia ukutani ili wateja wasimwone. Tangu siku hiyo hakuandika tena piscine.

Mambo ya posa yalipofika, tonton Djuma aliuliza mbele ya wazee wote:

"Karima, mahari yako nini?"

"Jiwe la bibi. Na jina juu yake."

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Mutoto, na wakija kuchimba?"

"Wakuje. Watakuta mifupa ya mutu. Ndiyo watajua."

"Na weye, Yunus," Djuma akamgeukia, "huyu akikufa, utamuzika wapi?"

"Pale pale, tonton, na jina lake. Kama si yeye atakayenizika miye kwanza."

"Ntakuzika," Karima alisema. "Usiwe na haraka."

Jiwe likasimama kabla ya nikaha. Juu yake waliandika: SARA BINTI RAMAZANI. ALIISHI. ALIZEEKA. ALIKUFA. Maman Fortunée alikuja harusini na samaki wa zawadi. Alimpa Karima mkono, kisha Yunus akamwona akiufuta kwenye kitenge. Dunia haigeuki kwa siku moja.

Jioni moja wakiwa mezani, simu ililia.

"Kalamu, nimemwona sasa hivi chini ya daraja. Leso ya bluu. Amenitazama."

Yunus aliganda. Karima aliivuta simu karibu na macho, akasoma, akaendelea kumega lituma la ndizi.

"Nimujibu nini?" Yunus aliuliza.

"Muambie ni kweli. Huyo ni wako, ulimutuma mwenyewe, na hautaweza kumuita arudi. Miye niko hapa. Kula, chakula inapoa."

Yunus alizima simu. Lakini kabla hajakaa alikwenda mlangoni, akainama, akatazama viatu vya mke wake kizingitini. Vilikuwepo vyote viwili, vikavu, na vumbi la barabara juu yake.