Mtungi Nilioumimina Kwenye Gari la Mkwe

"Ana nyumba, Mama."

"Iko wapi?"

"Leo iko Kariobangi."

Nikaacha kuchambua sukuma wiki. "Leo? Nyumba gani hiyo inakaa mahali kwa siku?"

Maurine, mtoto wangu wa pekee, akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

"Ni gari, Mama. Gari la dizeli, lakini ndani ni nyumba. Kuna kitanda, jiko, sinki, hata choo."

"Choo ndani ya gari?"

"Ndiyo."

"Uchafu wake unaenda wapi?"

"Mama."

"Nauliza tu. Unaenda wapi?"

Akina mama wenye binti, someni haya pole pole. Nayaandika msije mkafanya nilichofanya mimi. Mpaka sasa sielewi vizuri nilikifanyaje.

Kijana mwenyewe anaitwa Phares Oketch, fundi wa injini za dizeli. Hilo gari lilikuwa la Wajerumani waliokuja kuzunguka Afrika, likawaharibikia hapa Nairobi, wakapanda ndege wakaenda zao. Phares akalinunua likiwa halina hata taa, akalihangaikia miaka miwili. Mpango wao ulikuwa huu: waoane, wahamie humo. Yeye atengeneze pampu na jenereta kutoka mji mmoja hadi mwingine, na Maurine, ambaye anashona sare za shule, abebe cherehani yake.

"Kwa hivyo nikitaka kukuona," nilimuuliza, "nibishe mlango gani?"

"Utanipigia simu."

"Simu si mlango."

Akarudi kwa cherehani yake.

Jumamosi moja Phares akaja nalo mpaka hapa kwetu Jericho. Watu wakajaa kama wamekuja harusini. Jirani yangu Mama Opicho akapanda, akazunguka ndani, akashuka.

"Godoro lao linashinda langu," akasema.

"Umefika mpaka kwa godoro?"

"Mama Maurine, ni chumba kimoja. Ukiingia umefika kwa godoro."

Hapo ndipo nikachanganyikiwa. Kwetu mama mkwe haingii mahali mkwe analala. Na wiki mbili mbele tulikuwa tunatakiwa kwenda nyumbani Ugenya kwa ayie, siku ambayo mama wa msichana anaulizwa mbele ya wazee kama amekubali. Phares alikuwa ametuomba twende sote kwa gari lake.

"Sasa nitapandaje?" nikamuuliza Mama Opicho. "Hilo ni gari au ni nyumba?"

Akafikiri sana. Mama Opicho akiulizwa kitu hakosi jibu.

"Injini ikinguruma, hilo ni gari. Injini ikizima, ni nyumba, wewe shuka."

"Nani amesema?"

"Mimi. Kuna mwingine wa kusema? Wazee waliona gari la choo lini?"

Nikampelekea Phares sheria hiyo. Wala hakucheka. Alisema, "Sawa, Mama. Sitaizima mpaka tufike."

Afadhali angenicheka. Mtu akikuheshimu namna hiyo, utamchukia kwa kitu gani?

Siku ya safari ikafika. Phares aliegesha nje ya mlango wetu asubuhi na mapema, akaanza kukagua oili, mikanda, na maji ya rejeta. Nikatoka na mtungi wa lita ishirini wa maji ya kunywa.

"Mama, acha nibebe."

"Maliza kazi yako. Yanawekwa wapi?"

"Pale ubavuni. Kuna vifuniko viwili. Cha bluu ni cha maji ya kunywa. Cheusi ni dizeli."

Akarudi upande wa injini. Nikabaki na mtungi, faneli, na vifuniko viwili. Ndani ya gari nilimsikia Maurine akiimba huku akipanga sufuria. Sufuria zangu, nilizompa. Nikawaza kwamba sauti hiyo nikirudi kutoka Ugenya haitakuwa nyumbani kwangu tena, na sitajua iko mji gani.

Nikafungua kifuniko. Nikaanza kumimina. Harufu ikanipiga.

Marehemu mume wangu alifanya kazi reli. Miaka ishirini nilifua ovaroli zake. Harufu ya dizeli naijua kuliko harufu ya sabuni. Na bado nilimimina mpaka mtungi ukafika nusu, ndipo nikasimama, nikafunga, nikaenda kunawa mikono. Maji yaliyobaki nikamwagia maua.

Mkiniuliza nilikuwa nawaza nini, nitasema sikuwaza. Lakini mkono uliendelea.

"Yametosha, Mama?" Phares akauliza.

"Yametosha."

Tukaenda vizuri mpaka tukapita Kimende. Hapo kwenye mlima gari likaanza kukohoa. Likatoa moshi mweupe, likajivuta hatua chache, likanyamaza. Nje kulikuwa na ukungu na manyunyu.

Nikafungua mlango nikashuka.

"Mama, unaenda wapi?" Maurine akauliza.

"Injini imezima."

"Mama, mvua inanyesha."

"Injini imezima, Maurine."

Nikasimama kando ya barabara na leso kichwani. Phares aliingia chini ya gari na chupa tupu ya plastiki, akafungulia kitu karibu na filta. Alipotoka, chupa ilikuwa na rangi mbili. Juu dizeli ya manjano, chini maji meupe. Akaiangalia sana. Akaenda ubavuni, akafungua kifuniko cheusi, kisha cha bluu. Kisha akaniangalia mimi.

Nikangoja aseme.

"Ni dizeli mbaya," akamwambia Maurine. "Jana nilijaza kwa mtu anayeuza kwa mitungi huko barabarani. Alikuwa ameichanganya na maji."

"Ulijaza wapi?"

"Barabarani."

"Phares, unatengeneza injini za watu kila siku. Na kwa siku ya wazee wangu ndio uliweka dizeli ya barabarani?"

"Nimekosa."

"Kwa nini?"

"Nimekosa tu, Maurine."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Amolo, ndugu ya marehemu mume wangu.

"Shemeji, mko wapi? Wazee wameanza kufika, mbuzi ameshachinjwa."

"Gari limekufa Kimende, shemeji."

"Limekufa siku ya ayie?"

"Ndiyo."

Akasema, "Huyo kijana hata njia imemkataa. Ngoja niwaambie wazee waende nyumbani."

Maurine alisikia kila neno. Akashusha begi lake na cherehani. Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka kabeji Nairobi kwa pikapu akatubeba, na Phares akabaki hapo mlimani anaondoa maji kwenye tanki. Njiani Maurine alimwandikia, akanionyesha:

"Kama siku moja tu ya wazee wangu hukuweza kuitunza, maisha yangu utayatunzaje? Usinipigie."

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Binti yangu alirudi kwa chumba chake, cherehani ikarudi mahali pake. Lakini hakuimba. Alishona suruali moja mara tatu, akifumua na kushona tena. Nikimpikia alisema ameshiba. Nikawa najiuliza, huyu ndiye niliyemrudisha, au nimerudisha mwingine?

Siku ya nne nikapata ujumbe kwa simu:

"Shikamoo Mama. Injini iko sawa, hakuna kilichoharibika. Tafadhali usihangaike. Phares."

Nikakimbia nao kwa Mama Opicho.

"Ananitisha?"

"Soma tena."

Nikasoma.

"Anakuambia anajua," akasema.

"Anajua nini?"

"Mama Maurine, kwani ulifanya nini?"

Nikamwambia. Jirani yangu, ambaye hakosi jibu, akainuka kwanza akafunga mlango.

"Au labda anaomba msamaha," nikasema.

"Kwa kosa la nani?"

Usiku sikulala, na asubuhi nikaenda Kariobangi. Gari lilikuwa ndani ya ua wa gereji, Phares ameketi kwa ngazi yake anasafisha nozeli za injini. Akasimama haraka, akanipa kiti cha plastiki, akakiweka mbali na mlango bila mimi kusema.

"Ulijua," nikamwambia.

"Kifuniko cheusi kilikuwa na maji kwa ndani, Mama. Cha bluu kilikuwa kikavu ndani."

"Kwa nini ulijisingizia?"

"Ningesema nini? Niko barabarani na msichana na mama yake, niseme ni mama? Hata ningeaminiwa, angebaki na nani siku hiyo?"

"Sasa wewe amekuacha."

"Nimeona."

"Na kama nilikosea tu kifuniko?"

"Basi ulikosea."

"Na kama sikukosea?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hilo siwezi kukusaidia, Mama. Mimi najua injini. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Hiyo siku wazee wangekuuliza kama umekubali. Ungekataa, ningerudi nyumbani. Kwa nini hukungoja uulizwe?"

Akina mama, hapo nilikosa pa kuangalia. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kukataa kwa mdomo, mbele ya watu, na hakuna ambaye angenilaumu. Mimi nikakataa kwa mtungi.

"Niliogopa kwamba nikikataa atanichukia," nikasema.

"Na sasa?"

Nikainuka nikaenda nyumbani.

Maurine alikuwa anapiga pasi. Nikasimama mlangoni.

"Ile dizeli haikuwa mbaya. Ni mimi niliweka maji."

"Maji gani?"

"Ya mtungi. Kwenye kifuniko cheusi."

"Ulichanganya?"

"Sijui."

"Mama, hujui namna gani?"

"Sijui, Maurine. Nilinusa nikaendelea."

Akaweka pasi chini. Nilitaka alie au anitukane. Aliuliza tu, "Na Phares alijua?"

"Alijua palepale."

"Kwa hivyo nyinyi wawili mlisimama kwa mvua mkiniangalia nikimwacha, na kila mmoja anajua."

"Alitaka kunifunika mimi."

"Na mimi nani alinifunika?" Akachukua simu yake, akatoka nje. Nilimsikia akiongea karibu na kamba ya nguo.

"Phares? Usinisalimie eti niaje. Sina niaje na wewe... Nimeambiwa... Hapana, hukunifanyia wema. Ulinifanya mjinga... Sasa unacheka nini?... Unalia? ... Phares, unalia?"

Akakaa nje kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Narudi kwake," akasema. "Lakini kwa wazee mtu asimtaje muuza dizeli. Utasema wewe."

"Mbele ya Amolo?"

"Mbele ya wote. Sitaanza ndoa na uongo wa watu wawili."

"Maurine, watanicheka mpaka nife."

"Basi wacheke."

Tulipangiwa siku nyingine mwezi uliofuata. Nilitangulia Ugenya kwa basi, wao wakaja na gari lao. Safari hii lilifika, likaingia mpaka boma. Wazee wakakaa, na Amolo akaanza kwa kukunja uso.

"Kabla ya mengine. Kijana, mara ya kwanza ulitukalisha bure. Tunataka kujua kama unaweza kutunza kitu."

Phares akasimama. "Baba, lile lilikuwa kosa la..."

"Kaa chini, Phares," nikasema.

Watu wote wakanigeukia. Kwetu mama hamkatizi mkwe namna hiyo.

"Shemeji, gari lake lilikuwa sawa. Ni mimi niliweka maji kwenye tanki la dizeli."

Amolo akavua miwani. "Wewe? Mke wa mtu wa reli?"

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya."

Hakuwa ananiuliza. Alikuwa ananipa njia ya kutokea, na wazee wote walikuwa tayari kunifungulia. Maurine aliangalia chini. Ningesema ndiyo, chakula kingeletwa.

"Hapana, shemeji," nikasema. "Sikutaka aende."

Ajabu ni kwamba sikujua jibu hilo mpaka nililisikia likitoka. Mwezi mzima nilikuwa nasema sijui, hata nikiwa peke yangu.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akakohoa. Amolo akarudisha miwani yake, akaniangalia kama mtu aliyefiwa na ndugu aliyeacha mjane mgumu.

"Na leo unataka aende?"

"Leo pia sitaki. Lakini nimekubali."

"Hayo yanaweza kukaa pamoja?"

"Kwangu yamekaa."

Akamtazama Phares. "Umesikia mama mkwe wako. Bado unamtaka binti yake?"

"Namtaka."

"Basi wewe nunua kufuli la hilo tanki," Amolo akasema, na hapo ndipo wakacheka, wakanicheka mpaka chai ikapoa. Nikawaacha wacheke.

Waliondoka wiki mbili baadaye. Maurine alinikumbatia, lakini kwa mkono mmoja. Siku za kwanza ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Tumefika Kitui." "Tuko Makindu." Mimi nilijibu, "Asante Mungu," na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuniambia amenisamehe, na mimi niliogopa kuuliza.

Wamama, mkiwa na hofu, semeni mna hofu. Semeni mkiwa bado na mdomo, kabla mikono haijaanza kujibu kwa niaba yenu. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa hakika. Mengine bado yananichanganya, hasa vile ninavyompenda huyo kijana siku hizi.

Jana saa kumi ujumbe ukaingia kwa simu. Nilidhani ni mji mwingine.

"Mama, omena unazikaangaje zisivunjike? Jiko letu ni dogo, zangu zinakuwa unga. Phares anakula tu ananyamaza."

Nikavaa miwani, nikaketi kitandani, nikaanza kumwandikia. Niliandika mpaka jua likazama, kuanzia namna ya kuchagua visamaki hivyo sokoni.