Jani la Isale Wodini

Jumatatu alfajiri mashua ya Kornel ilikutwa imelala ubavu kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Turubai la kivuli, lililofungwa juu ya viti vya watalii, lilikuwa limefyatuka upande wa mbele, likajaa upepo na kuvunja mlingoti. Kornel aliokolewa na wavuvi akiwa amevunjika mguu, akalazwa Moshi.

Sajenti Mektrida alikagua kamba za turubai. Hakuna iliyokatwa. Za nyuma zilikuwa zimezungushwa kwenye chuma na kukazwa kwa mafundo mawili. Za mbele zilikuwa na fundo la kitanzi, lile linalofunguka ukivuta ncha.

Fundi Valerian, aliyeshona turubai na kulifunga, alikuwa mahabusu.

"Tuligombana kweli, afande. Aliniita fundi wa magunia," alisema. "Lakini kitanzi hicho ni cha kufungia majani ya ng'ombe. Mimi hata mbuzi sina!"

Mektrida akaenda hospitali. Kando ya kitanda cha Kornel kulikuwa na chupa ya maziwa na jani la isale.

"Nani kaleta?"

"Dada yangu Violet, kalitoa nyumbani Masama. Kaniambia nipokee tu, nikapokea."

"Alikukosea nini?"

Kornel akacheka. "Violet? Huyo ndiye aliyenilea."

Mektrida, mzaliwa wa Kibosho, hakucheka. Kwa Wachaga isale hubebwa na mkosaji anayeomba radhi, na ukishalipokea umesamehe.

Violet akaingia na beseni la maji.

"Shikamoo dada. Jumapili ulifika bwawani?"

"Marahaba. Nilimpelekea ndizi."

"Na majani ya ng'ombe, unafungaje mzigo?"

Maji yakamwagika sakafuni.

"Nilitaka turubai lichanike tu," Violet alisema hatimaye. "Watalii wakose kivuli, achoke, arudi nyumbani. Yeye ndiye kitindamimba, kihamba, shamba la nyumbani, ni chake. Mama anamwita usiku kucha, na anayemgeuza kitandani ni mimi peke yangu. Sikujua angeingia majini na upepo ule."

"Na Valerian je?"

Violet akainama kufuta maji sakafuni.

Kornel alilishika jani, akamnyooshea kumrudishia. Dada yake hakuinua mikono.

"Ulijua sitauliza jani ni la nini," Kornel alisema taratibu. "Ungeniita, ningekuja."

Akalirudisha jani mezani, akageukia ukuta.

"Mimi nimeshapokea, afande. Lakini Valerian hajapelekewa isale."