Pumzi za Loveness

Kila alfajiri Loveness alijitwika mkungu wa ndizi mshare, akamfuata bibi yake Yuditha mpaka soko la Kiboriloni. Mama yake alifariki Loveness akiwa bado mchanga, na baba hakujulikana alikokwenda. Bibi ndiye aliyekuwa mama na baba. Wakishapanga ndizi, Loveness alikwenda shule, na jioni akaenda kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, mahali pekee ambapo hakuna aliyeucheka urefu wake.

Kocha wao, Mwalimu Basili, alikuwa akichagua wachezaji wa kwenda kwenye mashindano Arusha. Huko, shule moja ya michezo ingechukua wasichana wachache na kuwasomesha bure.

"Kuna mwenye maradhi yoyote?" aliuliza. "Semeni mapema, nijue namna ya kuwasaidia."

Loveness alitazama chini. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Dawa yake ya kuvuta aliiacha nyumbani makusudi, wenzake wasiione. Aliamini kwamba mwenye pumu hapelekwi popote.

Jioni hiyo upepo ulitimua vumbi la barabarani. Loveness alikimbia, akaruka, akafunga. Kifua kikaanza kubana. Akajikaza. Aliporuka tena, pumzi ziligoma. Akapiga magoti, kifua kikitoa mlio mwembamba kama filimbi.

"Loveness, una nini?" kocha aliuliza huku akimkalisha wima.

"Pu... pumu."

Kocha alimbeba mpaka barabarani. Alisimamisha bajaji, wakakimbilia hospitali. Muuguzi alimvalisha barakoa yenye dawa, na taratibu kifua kikaachia.

Bibi alifika akihema, kanga imemvuka begani. Alipomwona mjukuu wake amekaa anakunywa maji, aliketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka.

"Nilimzika mama yako," alisema. "Sina nguvu za kukuzika na wewe."

"Nisamehe, bibi. Niliogopa kuachwa."

Daktari alisogea. "Pumu haikukatazi kucheza. Utatumia dawa kama nitakavyokuelekeza, na ile ya dharura utatembea nayo popote uendapo. Ukibanwa, unapumzika. Wapo wachezaji wengi wenye pumu."

Loveness alimtazama kocha. "Mwalimu, na Arusha?"

"Nafasi yako ipo. Daktari akikuruhusu, tunakwenda wote."

Bibi alishusha pumzi ndefu. "Bwana asifiwe," alinong'ona, akamfuta mjukuu wake uso kwa upindo wa kanga.

Daktari alimruhusu. Huko Arusha, katikati ya mchezo, Loveness aliomba kutoka, akavuta dawa mbele ya watu wote, akapumzika, kisha akarudi na kufunga. Shule ile ikamchukua. Leo ni mchezaji wa kulipwa katika timu moja nchini Rwanda, na bibi huenda sokoni siku anayopenda tu, kupiga soga na wenzake.

Mwalimu Basili bado anafundisha kikapu Kiboriloni. Wanafunzi wapya wakimuuliza habari za Loveness, huwasimulia yote, kisha huwaambia, "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Loveness alikuwa na bidii tangu mwanzo, lakini bidii peke yake ilikaribia kumuua. Aliposema ukweli, ndipo tukaweza kumsaidia. Nanyi msiniogope. Kuumwa si kosa, na sitamfukuza mtu uwanjani kwa sababu ameniambia anaumwa."